Yule Mwanamke wa Kwenye Kanda

Peris wa Wamagana hakuwa mtu wa kushuku watu ovyo. Alishuku kwa mpango. Alianza na walio karibu, kisha akasonga mbele taratibu mpaka akamfikia chifu na yule bwana wa redio anayesema mvua itanyesha. Kwa hiyo siku Mutahi alipomwambia kwamba ng'ombe wake kule Mweiga anapigiwa muziki wa Kizungu, hakushtuka wala hakuuliza. Alimwongezea chai.

Mutahi alikuwa yule bwana wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu ya sindano. Watu wote kutoka Tetu mpaka Mweiga walimwita daktari, na yeye hakuwahi kuwakataza.

"Muziki gani?" Peris akauliza baadaye, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi dukani.

"Si ya kanisa. Ni ile ya polepole. Mwanamke anaimba ni kama hataki kuamsha mtoto, halafu kuna tarumbeta inalalamika huko nyuma. Nilikuwa napita barabarani asubuhi. Na haitoki kwa nyumba, Mama Mworia. Inatoka kwa zizi."

"Kwa zizi."

"Kwa zizi kabisa. Na mwenye duka pale Mweiga ananiambia Mama Mukami ananunua betri kila wiki. Zile kubwa. Amemuuliza kama amefungua disko."

"Na ndama yangu, uliiona?"

Mutahi akaipuliza chai yake. "Mimi nilikuwa napita tu," akasema.

Peris akaitazama ile chai. Ilikuwa imepoa kitambo, haikuwa na haja ya kupulizwa.

Ng'ombe mwenyewe aliitwa Nyange kwa sababu ya weupe wake. Shamba la Peris lilikuwa dogo kama leso, tena nusu yake ilikuwa mteremko ambao hata mbuzi aliufikiria mara mbili. Ndiyo maana miaka mitatu nyuma alimpeleka Nyange Mweiga kwa Murugi, huyo Mama Mukami, kwenye nafasi na majani, kwa ile desturi ya wazee ya kuweka ng'ombe kwa mtu. Desturi yenyewe haina karatasi wala muhuri. Maziwa ni ya anayemlisha ng'ombe. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Na mnyama akifa mikononi mwa mlezi, mlezi anachukua ngozi na mguu mmoja, anampelekea mwenyewe siku ile ile au kesho yake, ili mwenyewe aone kwa macho kwamba mnyama alikufa na hakuuzwa. Asiyeleta ngozi ameuza. Hapo katikati hakuna jambo lingine.

Murugi alikuwa rafiki yake wa kalamu moja ya risasi. Walikaa dawati moja mpaka darasa la nne, wakatolewa shuleni mwaka mmoja, wakaolewa mwezi mmoja. Kama kuna mtu ambaye Peris alimshuku kwa uchache, ni huyo. Lakini uchache si kutokuwepo.

Ndama wawili wa kwanza waliozaliwa Mweiga walikuwa madume, na Peris aliwauza bila kuwajua vizuri. Wa tatu, wa mwezi wa nne mwaka huo wa tisini na nne, akawa jike, mtamba. Peris alikwenda kumwona akiwa na siku kumi. Mweupe kama mama yake, na baka jeusi begani kama kiganja cha mtu aliyetoka kushika makaa. Alirudi Wamagana akajenga zizi. Kijana wake Mworia alituma mabati kutoka Kutus. Peris akawaambia wanawake wote wa pale, pamoja na wale ambao hawakuuliza, kwamba mwezi wa kumi na mbili mtamba anakuja nyumbani. Alikuwa na miaka sitini na tatu. Alijua huyo ndiye ng'ombe wa mwisho atakayemlea tangu udogo mpaka amkamue kwa mikono yake, na alikuwa amekwisha kumchagulia ndoo.

Sasa ilikuwa mwezi wa tisa. Tangu wamtoe mtoto wa jicho hospitalini mwezi wa sita, Peris hakuwa amefika Mweiga. Daktari alimkataza vumbi na moshi. Hakumkataza kuwaza.

Kesho yake alivaa koti na kwenda. Hakutuma salamu mbele. Tena aliteremka kwenye gari kituo kimoja kabla ya kituo chake, akamalizia kwa miguu kwa njia ya nyuma, kandokando ya viazi vya watu, maana mgeni anayetokea mbele hukuta kila kitu kimefagiwa.

Murugi alikuwa kwenye shamba la nepia, anakata majani ya ng'ombe. Alipoinua kichwa na kumwona, panga lilibaki hewani kidogo kabla ya kukumbuka kazi yake.

"Mama Mworia. Hukusema unakuja."

"Ningesema, ningekuwa mgeni."

"Na jicho?"

"Jicho inaona," Peris akasema. "Siku hizi inaona hata yenye haikuwa inaona zamani."

Murugi akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshika muda mrefu kuliko kawaida. Peris akaandika hilo moyoni. Kisha akageuka kuelekea zizini.

"Wacha kwanza nisalimie Nyange."

"Nyange amelala."

"Saa nane mchana?"

"Siku hizi amekuwa wa kulala. Kuja nyumbani upumzike, umetembea na hilo jicho lako kwa jua. Nyange haendi popote."

Peris akaingia nyumbani. Hakuingia kwa sababu amekubali. Aliingia kwa sababu mtu anayekuzuia mlango mmoja huwa anasahau mwingine.

Sebule ilikuwa vile vile, viti na vitambaa vyake vya kufuma, na kalenda ya mwaka juzi iliyobakizwa kwa ajili ya picha. Kitu kipya kilikuwa kimoja. Juu ya meza ndogo, kwenye kitambaa chake peke yake kama askofu, palikaa redio kaseti nyeusi. Mkono wake ulikuwa umefungwa kamba ya katani, na kwenye spika moja kulikuwa na kinyesi kikavu cha ng'ombe, kidogo tu, cha ukubwa wa shilingi. Peris alikitazama kile kinyesi kwa heshima kubwa.

"Hiyo ni ya Mukami," Murugi akasema kabla hajaulizwa. "Yule mama Mzungu alikuwa anafanyia kazi alirudi kwao Uingereza, akamwachia redio na kanda moja. Mukami akarudi town kutafuta kazi ingine, akaniachia mimi. Hebu tusikilize tukingoja chai."

"Mimi na wewe tusikilize Kizungu."

"Haina ubaya. Sikiza tu."

Akampa kijaluba cha ile kanda. Kwenye picha, mwanamke mwembamba wa Kizungu aliyevaa koti jeusi alikuwa ameegemea piano, uso ameugeuza upande, kama jirani anayejua umekuja kuomba kitu. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo na mwaka wa 1986. Peris akahesabu nyimbo kwa kidole. Tano upande huu, tano upande ule. Murugi akabonyeza.

Kwanza haikutoka sauti ya mtu. Ilitoka besi peke yake, nzito, inatembea hatua mbili na kusimama, hatua mbili na kusimama, kama mwanamume aliyevua viatu anapita kwenye ukumbi wa hoteli ambako hana chumba. Kisha kitu kikaanza kufagia.

"Huyo anafagia nini?"

"Ni ngoma. Mukami anasema wanaifagia na brashi ya waya. Hawaipigi."

"Ngoma isiyopigwa," Peris akasema, akalikunja hilo pia akaliweka.

Piano ikaingia, kidogokidogo, kama mtu anayerudisha vikombe kabatini na hataki ijulikane vilikuwa vingapi. Hapo ndipo yule mwanamke akaanza kuimba. Peris alikuwa amezoea wanawake wa kwaya, ambao wakiimba unaona mpaka meno ya nyuma. Huyu hakuinua sauti hata chembe. Hakulia, hakuomba, hakuita mtu. Aliimba kama shahidi mbele ya wazee, yule ambaye amefundishwa nyumbani maneno ya kusema na amefundishika vizuri. Na kila alipomaliza mstari, saksafoni ilitokea nyuma yake, laini, yenye mate, ikieleza kwa urefu mahali ilikokuwa tangu jioni.

"Hii tarumbeta inadanganya," Peris akasema.

"Ngoja wimbo wa pili."

Wimbo wa pili ulikuwa mwepesi kidogo, na ndani yake kulikuwa na kitu cha kurukaruka kama mtu anayeshuka ngazi huku anavaa glavu. Peris aligundua kwamba mguu wake wa kulia unagonga sakafu. Aliutazama. Alikuwa hajauruhusu. Akaona kwamba hapa kuna hatari, kwamba huu ni muziki wa kumwingia mtu kwa mlango wa jikoni, akausimamisha mguu na kuinuka.

"Sasa nisalimie ng'ombe yangu."

"Keti, keti. Huu unaofuata ndio mzuri."

Akaketi. Wa tatu ulipokuwa unaisha aliinuka tena, akakuta kikombe cha chai mkononi na Murugi amesimama kati yake na mlango. "Bado, bado. Wa nne una piano yenyewe." Peris akaketi. Katika maisha yake alikuwa amezuiliwa kitini na mume, na mimba, na wazee wa kanisa. Hakuwahi kuzuiliwa na kaseti.

Basi akaacha kupigana, akafanya alilokuwa analijua zaidi. Alimtazama Murugi.

Murugi alikuwa amekaa wima pembeni mwa kiti, macho kwenye dirisha. Midomo yake ilikuwa inafuata maneno. Mtu wa darasa la nne, anajua mahali Mzungu anavuta pumzi. Na mikono yake ilikuwa mapajani, juu ya aproni. Mikono hiyo haikutulia. Kidole gumba na cha shahada vilifunga kwanza, kisha cha kati, kisha viwili vya mwisho, mkono wa kushoto, halafu wa kulia, kushoto, kulia, kwa mwendo wa ile besi bila kukosa hata mara moja. Wimbo wa nne ulipokwisha na wa tano kuanza, mikono yote miwili ikasogea pamoja, inchi kadhaa kuelekea magotini, ikaanza tena huko.

Chuchu za mbele zimekwisha, Peris akajiambia. Sasa yuko kwa za nyuma.

Alikuwa amekamua ng'ombe miaka hamsini na hakuhitaji mtu kumtafsiria. Murugi anakamua kwa kanda hii, asubuhi na jioni, mpaka mikono imeikariri. Sawa. Lakini hakuna mwanamke wa Mweiga anayemnunulia ng'ombe betri kwa sababu ya mapenzi. Unambembeleza ng'ombe kwa sababu amebana maziwa. Na Nyange hakuwa ng'ombe wa kubana. Murugi alikuwa mtu wa njia za zamani, ndama anapewa anyonye kidogo kwanza, mama anamnusa, anaachilia. Nyange akiwa na ndama wake kando hangehitaji piano.

Peris akakiweka kikombe chini, chai imebaki nusu.

Wimbo wa tano ulimalizika kwa saksafoni peke yake, ikienda mbali, mbali zaidi, mpaka haikujulikana kama bado iko. Kitufe kikaruka chenyewe, tap. Na kabla ya mmoja wao kusema neno, nyuma ya ukuta wa jikoni Nyange akalia. Mlio mrefu, wenye hasira kidogo, kama mteja ambaye amesikia sahani lakini hajaona chakula.

"Ameamka," Peris akasema.

Murugi akapisha mlango. Safari hii hakumzuia.

Nyange alikuwa amesimama horini, mnene, safi, hana kupe hata mmoja. Kusema kweli alikuwa ametunzwa kuliko Peris mwenyewe. Kiwele kilikuwa kimejaa, na maziwa yalikuwa yanadondoka chini yenyewe, matone mazito, kwa ajili ya ule muziki aliousikia kupitia ukutani. Pembeni kilikuwa kile kizizi kidogo cha ndama. Kilikuwa kimefagiwa. Hakuna jani wala kinyesi, na lango lilikuwa limefungwa vizuri kwa kamba, kana kwamba kuna kitu cha kutoroka.

Peris alikishika kile kilango kidogo kwa muda. Alipofungua kinywa hakuuliza ndama yuko wapi.

"Ngozi iko wapi?"

Murugi alikwenda stoo, akarudi nayo mikononi, ngumu kama ubao, imekunjwa mara moja. Akamkabidhi, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama kama mtu anayengoja sindano.

Peris aliitandika juu ya majani, juani. Akavua miwani, akavaa miwani. Baka la kiganja lilikuwepo begani. Hilo halikumtosha. Alitafuta shingoni mkato wa kisu unaopita kando, ule wa kuchinjwa, hakuuona. Palikuwa na mstari mmoja tu wa kuchunia, umeshuka tumboni moja kwa moja. Akageuza masikio. Ndani kulikuwa na makovu ya kupe, madogo, mengi. Akainusa. Akaikwaruza kwa ukucha. Alitafuta uongo katika ngozi ile kwa bidii na kwa jicho jipya, na hakuupata, na badala ya kufurahi akatamani angeupata, maana mwizi wa ndama unaweza kumdai ndama.

"Ndigana, ile ya kupe?"

"Ndigana. Siku tatu. Alianza kukohoa Jumapili, Jumatano akaanguka. Mutahi wa sindano alikuja Jumatano jioni."

"Mwezi gani?"

"Wa sita."

"Mwezi wa sita," Peris akasema. "Huu ni wa tisa. Ngozi inaletwa kesho yake, Murugi. Hiyo hata mtoto anajua."

"Nililetea wewe."

"Wapi?"

"Hospitali. Kesho yake, vile inatakikana. Ngozi mbichi na mguu kwa gunia, nikaingiza chini ya kitanda yako. Ulikuwa umefungwa jicho, umelala chali. Kabla sijasema hata pole, ukaniuliza, mtamba yangu inakula? Nikasema inakula." Murugi akajifuta pua kwa kona ya aproni. "Ikatoka tu. Halafu nikabeba gunia yangu nikaenda."

Peris alikunja pua. Kitu kilikuwa kinamrudia, polepole.

"Ile harufu," akasema.

"Eh."

"Nilishuku yule mama wa kitanda ya pili. Nilimwambia sista amhamishe."

"Na alihamishwa?"

"Alihamishwa."

"Maskini," Murugi akasema.

Kila mmoja akatazama upande wake. Nyange alikuwa anatafuna, maziwa yanadondoka.

"Na kesho kutwa yake?" Peris akauliza. "Na wiki ingine?"

"Kesho kutwa nilikuwa nimeshasema inakula. Ningesema nini, ati iliacha?" Akaegemea mwimo wa zizi. "Halafu huyu naye akabana maziwa. Siku nne, tone hakuna, kiwele kama jiwe. Ningemtandikia ngozi ya mtoto wake airambe na chumvi ndio aachilie, ile dawa ya mama zetu, lakini watu wangepita njiani waone ngozi, na habari ingefika Wamagana kabla yangu. Jioni moja Mukami akaweka hiyo kanda, vile alikuwa anaweka kila jioni wakati ndama inanyonya. Nikasikia maji kwa zizi. Nikakuja, nikakuta ni maziwa inamwagika. Alisikia yule mwanamke akafikiri mtoto anakuja."

"Kwa hiyo umenunua betri miezi mitatu ndio usiniambie neno moja."

"Maneno ni mawili," Murugi akasema. "Ndama imekufa."

Peris akaikunja ngozi. Haikukubali kukunjika mara ya pili, akaiacha. Alilifikiria lile zizi la Wamagana, mabati yake mapya, na wanawake wote aliowaambia. Murugi naye alikuwa kama anayafuata mawazo hayo kwa nyuma, maana alinyoosha kidole kwenye kona ya pili ya boma, kwa mtamba wake mwenyewe, mwekundu, wa miezi saba hivi.

"Chukua ile. Sikuleta ngozi kwa siku yake, desturi inasema nilipe. Sitabishana."

Hapo ndipo penye kazi. Peris alimtazama yule mtamba mwekundu kutoka pembe mpaka mkia. Alikuwa mzuri. Wamagana wasingeuliza rangi. Zizi lisingekaa tupu, na mwezi wa kumi na mbili ungekuwa mwezi wa kumi na mbili. Haki ilikuwa upande wake kabisa, na ndiyo iliyomtia wasiwasi, kwa sababu hakuwa na mazoea ya kupewa kitu bila kukipigania. Kwa nini anatoa upesi hivyo? Akamgeukia rafiki yake amkague usoni kama alivyoikagua ngozi.

Murugi alikuwa amekonda. Hilo hakuwa ameliona. Alikuwa ametazama mikono tu.

"Nikuulize," Murugi akasema. "Ningefungua gunia siku ile, hospitali, nikakuonyesha. Ungeniamini?"

Kuna watu ambao Peris angewadanganya bila kupepesa, na chifu alikuwa wa kwanza. Alifikiria kusema ndiyo. Neno lenyewe lilifika mpaka kwenye meno.

"Ningeshuku ngozi," akasema.

"Basi."

"Ningesema ni ya ndama ya mtu mwingine."

"Najua."

"Ningetuma Mworia akuje aulize majirani."

"Hiyo pia najua. Tumejuana toka dawati."

Peris akashusha pumzi ndefu ambayo ilikuwa imekaa ndani tangu Wamagana. "Achana na hiyo nyekundu," akasema. "Ngozi nimeiona. Imechelewa, lakini imefika. Hii nitaenda nayo, niwaonyeshe wale wa kwetu, maana watasema niliuza. Wale watu wanashuku sana."

Murugi akajifunika mdomo kwa kona ya aproni.

"Leta ndoo," Peris akasema. "Na maji ya moto na mafuta."

"Ngoja niweke kanda."

"Hapana. Kwanza bila."

Maana kuamini ngozi ni jambo moja na kuamini kaseti ni lingine. Alikaa kwenye kigoda, akaosha kiwele, akapaka mafuta, akakamua. Yaliyokuwa yameshuka mdomoni mwa chuchu yakatoka, mikamuo mitatu, minne. Kisha Nyange akabana. Alibana kabisa, akageuza shingo na kumtazama Peris kwa jicho moja kubwa ambalo pia lilikuwa na maswali yake. Peris alimbembeleza, akamwita majina ya utoto, akamkanda ubavuni. Hakuna.

"Umeridhika?" Murugi akauliza.

"Weka upande wa pili. Huo wa kwanza nimeshausikia."

Murugi akaileta redio kwa kamba yake ya katani, akaitundika kwenye msumari wa nguzo. Msumari ulikuwa umekaa kwa urefu wake, umezoea. Besi ikaja kwa hatua zake za bila viatu. Ngoma ikafagia. Yule mwanamke alipofungua kinywa, Peris alihisi kiwele kizima kikishuka mikononi mwake, chuchu zikajaa na kupata moto, na maziwa yakapiga ndoo kwa nguvu mpaka povu likapanda. Hakujua alianza lini kufuata mwendo wa wimbo. Mikono ilikuwa imeshika njia yenyewe. Shavu lake lilikuwa ubavuni mwa Nyange, na ndani ya ule ubavu muziki ulisikika kwa namna nyingine, kama unapigwa na watu walio ndani ya nyumba ambayo wewe umesimama nje yake.

"Anasema nini, huyu?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Mukami anasema hapo anaambia bwana fulani, ati anajua yote alifanya, lakini hatasema."

Peris akakamua kidogo.

"Huyo mwanamke ni mtu wa kwetu, Tetu," akasema.

Murugi akaanza kucheka, kicheko cha mabega bila sauti, kile walichofundishana dawatini ili mwalimu asisikie. Kilipoendelea mno kikageuka kuwa kitu kingine, akalazimika kwenda kupanga majani ambayo yalikuwa yamepangwa. Peris alimwacha apange.

Ndoo ilipofika ukingoni aliinuka, mkono kiunoni. Alisimama nayo katikati ya zizi. Murugi alirudi akasimama mbele yake, lakini hakunyoosha mkono kuipokea. Hakujua kama bado ni mlezi wa ng'ombe wa mtu, na kuuliza kulimshinda. Kama Peris angeibeba ndoo mpaka nyumbani mwenyewe, hapo mambo yangekuwa yamekwisha bila mtu kutamka. Kesho Mworia angekuja na gari kumchukua Nyange.

Alimwelekezea mkono wa ndoo.

"Chukua maziwa yako. Inanilemea."

Murugi akapokea kwa mikono miwili.

"Mutahi aje na mbegu mwezi huu," Peris akasema. "Sitaki ya kuahirishwa. Na siku hiyo mimi nitakuwa hapa, nisome mwenyewe karatasi ya hiyo mbegu."

"Imeandikwa Kizungu."

"Nitaiangalia tu. Karatasi inajua ikiangaliwa." Akafuta mikono kwenye koti. "Na ndama ikikohoa, hata mara moja, hata kama ni vumbi, wewe unanitumia mtu."

"Na wewe ukiniuliza kama inakula?"

"Sitauliza. Nitakuja nione."

Murugi akanyoosha mkono kuizima redio ili kuokoa betri. Peris alikuwa ameshaketi tena kwenye kigoda, ngozi magotini, miguu imenyooshwa, na akamwashiria kwa kidole aiache. Kulikuwa na wimbo mmoja bado, na hakuwa tayari kumwachia yule mwanamke aumalize bila kusikilizwa.